MUZIKI ULIOITWA KELELE
Matamasha mawili ya mwaka 1913, na namna ya kuyasikiliza leo

Mkaaji wa Pumwani hahitaji kufundishwa kwamba ngoma ile ile huweza kuwa furaha kwa mwenye arusi na kero kwa jirani yake. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na tangu hapo watu wa pwani na wa bara wamekaa humo nyumba kwa nyumba. Kila mmoja amezoea kusikia muziki wa mwenzake kupitia ukutani: matari ya maulidi, chakacha ya arusi, nyimbo za kanisani, gitaa na santuri. Aliyezaliwa katika desturi fulani husikia wimbo. Asiyezaliwa humo mara nyingi husikia makelele tu.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba ugomvi wa namna hiyo ulipata kuzuka katika kumbi za muziki za Vienna na Paris, kati ya watu waliovaa nguo za heshima na kulipia viti vyao. Mwaka ulikuwa 1913. Watu walizomeana, wakatukanana, na huko Vienna wakapigana. Muziki uliowagombanisha hupigwa hata leo na okestra kubwa za dunia. Yafaa basi kueleza muziki huo ulikuwa wa namna gani, kwa nini uliwaudhi waliousikia kwanza, na msikilizaji wa Nairobi aweza kuujia kwa njia ipi.

OKESTRA NA ADABU ZAKE MBILI

Okestra ni kundi kubwa la wapigaji, na vyombo vyao hugawanyika katika mafungu manne: vya nyuzi, vya kupuliza vilivyo jamaa ya filimbi na zumari, vya shaba, na vya kugonga. Aliyesikiliza taarabu aijua fidla, kwani fidla ya okestra ni ile ile. Aliyepata kuiona bendi ya polisi ikipita azijua tarumbeta na ngoma zake. Mbele ya wapigaji husimama kiongozi mwenye kijiti. Yeye hapigi chombo chochote. Kazi yake ni kama ile ya mwalimu wa kwaya.

Muziki wa okestra wa zamani ulishika adabu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila wimbo ulikuwa na kwao. Mtu aliyefundishwa do, re, mi shuleni ajua jambo hili bila kuambiwa: wimbo hutoka kwenye do, huzunguka, hupanda na kushuka, na mwisho hurudi kwenye do, kama msafiri arudivyo nyumbani jioni. Ukikatizwa kwenye ti, kila mtu chumbani hutaabika mpaka mtu aumalize.

Adabu ya pili ni ya mapigo. Mapigo yalikuja kwa zamu sawa, mawili mawili, matatu matatu au manne manne, na pigo zito likaanguka mahali pale pale kila mara. Kwa hiyo askari aliweza kuandamana, na wacheza dansi wakajua mguu upi utangulie.

Watunzi wa Vienna walianza kuiacha adabu ya kwanza. Mtunzi aliyetoa kazi yake Paris aliivunja ya pili.

MAKOFI YA VIENNA

Tarehe 31 Machi, 1913, katika ukumbi wa Musikverein mjini Vienna, okestra iliongozwa na Arnold Schoenberg, mtunzi wa umri wa miaka 38. Katika orodha ya usiku ule ilikuwamo kazi yake mwenyewe aliyoitunga mwaka 1906 kwa ajili ya wapigaji 15, nyimbo za Alexander Zemlinsky, na kazi za vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake, Anton Webern na Alban Berg. Mwisho zilikuwa ziimbwe nyimbo za Gustav Mahler za kuomboleza watoto waliokufa.

Webern alileta vipande sita vifupi vya okestra, ambavyo vyote pamoja havifiki robo saa. Cha nne ni maandamano ya mazishi. Chaanza kwa ngoma na kengele zinazosikika kwa shida, kama msiba unaotoka mbali, kisha chasogea polepole mpaka vyombo vya kugonga vyafunika kila kitu. Fidla zote hunyamaza kwa muda wote huo. Mama yake Webern alikuwa amefariki mwaka 1906, naye Webern aliyatunga haya mwaka 1909, huku uchungu wa msiba ule ungali moyoni mwake. Watu wa ukumbini waliotaka wimbo mtamu wa kwenda nao nyumbani walipewa matanga, na wengi wao wakacheka.

Berg alileta nyimbo zilizotungwa juu ya maneno machache ambayo mshairi Peter Altenberg aliyaandika kwenye kadi za posta. Maneno ni ya mistari michache tu, lakini okestra inayoyabeba ni kubwa mno. Jambo hilo liliwachekesha watu, kisha likawakasirisha. Wenye kuupenda muziki mpya wakawakemea wenye kucheka, nao wakajibiwa. Watu wakainuka vitini, polisi wakaingia kati, na tamasha likavunjika kabla ya nyimbo za Mahler kuimbwa. Kofi moja la usiku ule lilifikishwa mpaka mahakamani.

Watu wa Vienna wakauita mkutano ule kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni “tamasha la makofi”, na lugha yetu yalipa jina hilo maana mbili. Tamasha jema humalizika kwa makofi ya kupongeza. Lile lilimalizika kwa makofi ya shavuni.

Hasara ya ghasia ile ilimfika Berg zaidi ya wote. Nyimbo mbili tu kati ya tano ndizo zilizopigwa usiku ule. Berg alifariki mwaka 1935, na nyimbo zote tano hazikuimbwa pamoja na okestra yake mpaka miaka ya 1950. Hivyo aliishi miaka 22 tangu usiku wa Vienna, akafa bila kuisikia kazi yake nzima.

USIKU WA PARIS

Miezi miwili haikupita, ghasia nyingine ikazuka Paris. Huko kulikuwa na kampuni ya wacheza dansi kutoka Urusi, iliyoongozwa na Sergei Diaghilev. Tarehe 29 Mei, 1913, katika ukumbi mpya wa Théâtre des Champs-Élysées, kampuni hiyo ilionyesha mchezo uitwao Le Sacre du printemps, yaani Ibada ya Majira ya Machipuko. Muziki ulitungwa na Igor Stravinsky, Mrusi wa umri wa miaka 30. Dansi ilipangwa na Vaslav Nijinsky, na okestra iliongozwa na Mfaransa Pierre Monteux.

Kisa chenyewe ni cha kubuniwa. Katika Urusi ya kale, kabla ya Ukristo, watu wa kabila moja wakusanyika baada ya baridi na theluji ya miezi mingi ili kuiamsha ardhi. Wazee waibariki, vijana washindana, na mwishoni msichana mmoja achaguliwa kuwa sadaka, naye acheza mpaka afe. Stravinsky na mchoraji Nicholas Roerich ndio waliokipanga kisa hicho.

Muziki huanza kwa chombo kimoja peke yake, basuni, ambayo ni kama zumari ndefu yenye sauti nene. Lakini Stravinsky aliipandisha juu kabisa, mpaka sauti yake ikawa nyembamba kama ya mtu aimbaye mbali bondeni. Wimbo wenyewe aliutoa katika kitabu cha nyimbo za wanavijiji wa Lithuania. Vicheko vilianza hapo hapo. Pazia lilipofunguliwa, kelele zikazidi, kwa sababu wachezaji hawakuruka kwa wepesi kama ilivyokuwa desturi ya jukwaa lile. Magoti yao yalikunjwa, vidole vya miguu vikaelekea ndani, nao wakakanyaga chini kwa kishindo.

Watazamaji wakagawanyika: hawa wakazomea, wale wakawatukana wazomeaji. Wachezaji wakashindwa kuisikia okestra. Nijinsky akapanda juu ya kiti pembeni mwa jukwaa, akawa anawahesabia mapigo kwa sauti kuu. Hesabu za Kirusi zikipita kumi huwa na majina marefu, kama vile “kumi na saba” ilivyo ndefu kuliko “saba”, na katika mwendo wa haraka hesabu ndefu yachelewa. Lakini Monteux hakugeuka nyuma. Aliendelea kuongoza, na okestra ikapiga mpaka mwisho.

JARIBIO LA MAPIGO 32

Msomaji aweza kujipimia mwenyewe jambo lililowashtua watu wa Paris, bila chombo chochote ila viganja vyake. Baada ya utangulizi wa basuni na wenziwe, vyombo vya nyuzi huingia na kurudia sauti moja nzito mara 32 kwa mwendo ulio sawa kabisa. Sauti hiyo imefungwa kwa namna isiyo ya kawaida, kana kwamba kwaya mbili zimeanza pamoja, lakini do ya kwaya moja imepishana nusu hatua na do ya nyingine. Pembe nane za shaba huongeza kishindo juu ya mapigo machache tu kati ya hayo 32.

Na apige makofi mepesi, moja hadi 32, bila kuharakisha wala kupunguza. Katika makofi haya sita apige kwa nguvu: la 10, la 12, la 18, la 21, la 25 na la 30. Mengine yote yawe mepesi. Afanye hivyo polepole mara tatu au nne, kisha aongeze mwendo.

Ataona kwamba mkono wataka kupiga kishindo mahali pasipotakiwa. Baada ya mapigo manane matulivu, masikio yangoja pigo zito kwenye la 9, nalo haliji ila la 10. Tena laja la 12 upesi, na baada yake pana kimya kirefu. Mwendo wenyewe haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali pa uzito. Mtu hawezi kuandamana kwa mapigo hayo wala kuyatabiri.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na msikilizaji wa Pumwani. Aliyelelewa na chakacha amezoea kusikia mapigo mawili na mapigo matatu yakienda kwa wakati mmoja, ngoma hii ikisema hivi na ile ikisema vile, wala hachanganyikiwi. Kwa hiyo mlango mmoja uliofungwa kwa watu wa Paris u wazi kwake. Lakini mlango wa pili wamhusu yeye pia. Katika ngoma zetu mapigo yakishapishana hurudi kwa zamu, na mchezaji baada ya mizunguko michache ajua pa kuweka mguu. Kwa Stravinsky zamu hiyo haipo. Dansi ya mwisho ya msichana hubadilisha urefu wa hatua karibu kila mara, na mwenye kuizoea ngoma ya arusi atakwazwa na yenyewe kama alivyokwazwa Mfaransa.

MIEZI KUMI BAADAYE

Tarehe 5 Aprili, 1914, kazi ile ile ilipigwa tena Paris, safari hii katika ukumbi wa Casino de Paris. Kiongozi alikuwa Monteux yule yule. Hapakuwa na dansi. Okestra ilipiga peke yake. Ilipokwisha, watu walishangilia kwa nguvu, wakamwinua Stravinsky mabegani na kumbeba mpaka nje barabarani.

Muziki ulikuwa ule ule uliozomewa miezi kumi kabla yake. Mtu aweza kuuliza, ni nini basi kilichogeuka?

La kwanza, wanahistoria wengi waona kwamba mwaka 1913 dansi ndiyo iliyowaudhi watu zaidi, na kwa sababu ya kelele wengi hawakuisikia okestra sawasawa. Walihukumu jambo wasilolisikia. La pili, mwaka 1914 waliokuja walijua wanakuja kusikiliza nini. Hawakuja kutafuta dansi nyepesi ya kupumzisha jioni. La tatu, baadhi yao walikuwa wameusikia muziki huo hapo kwanza, na sikio, kama ulimi, huonja mara ya pili kwa namna nyingine. Mgeni wa bara alapo papa mkavu mara ya kwanza hukunja uso. Akikaa Mombasa mwaka mmoja, huagiza mwenyewe.

HUKUMU YA KELELE KATIKA NAIROBI

Wakati Paris ikizomea, Pumwani ilikuwa bado. Waafrika wa Nairobi waliishi katika vijiji kama Pangani, Maskini na Mji wa Mombasa, ambavyo baadaye vilibomolewa, Pangani ukiwa wa mwisho mwaka 1939. Waliohamishwa walikwenda na ngoma zao, na hukumu ya kelele ikawafuata. Katika miaka ya ukoloni ngoma ya mtaani ilitakiwa iwe na kibali. Aliyetoa kibali hakuulizwa kama aijua ngoma yenyewe. Alipima saa, idadi ya watu na ukubwa wa sauti.

Mfano mzuri ni beni. Vyama vya beni vilianza pwani mwishoni mwa karne ya 19. Vilichukua tarumbeta, ngoma na maandamano ya bendi za kijeshi, vikatia ndani yake nyimbo za mashindano na kejeli za Kiswahili, vikaenea mpaka Tanganyika na Kongo. Wazungu wengine walisema kwamba beni ni uigaji tu. Wengine, baada ya vita vya 1914 hadi 1918, waliichunguza kwa hofu wakidhani kwamba chini ya tarumbeta pamefichwa siasa. Wachache sana walioisikiliza kwa kuwa ni muziki. Nyimbo nyingi za beni hazikuandikwa wala kunaswa, nazo zimekufa pamoja na waimbaji wake. Berg alinyimwa kuisikia kazi yake, lakini karatasi zake zilibaki, na waliokuja baada yake waliweza kuzifungua na kuziimba. Beni nyingi hazikuacha karatasi ya kufunguliwa.

Kwa upande wa pili, muziki wa okestra ulikaa mbali na mitaa ya mashariki. Chuo cha muziki cha Conservatoire kilianzishwa Nairobi mwaka 1944, okestra ya mji ikaanza katika miaka hiyo hiyo ya 1940, na Kenya National Theatre ikafunguliwa mwaka 1952. Lakini mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi za watu, na kwa miaka mingi wapigaji na wasikilizaji wa muziki huo walikuwa Wazungu kwa wingi. Mtu wa Pumwani aliweza kuishi mwendo wa nusu saa tu kutoka ukumbini asiujue hata mlango wake.

Siku hizi mpaka huo umelegea. Huko Korogocho, mashariki ya Nairobi vile vile, mpango uitwao Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, hufundisha watoto fidla, tarumbeta na vyombo vingine vya okestra karibu na jaa kubwa la Dandora. Watoto hao huzisoma noti za muziki kama wenzao wa Vienna. Hapana shaka kwamba baadhi yao wataupiga muziki wa Stravinsky, na wazee wao watahitaji kujua wanasikiliza nini.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya angani viitwavyo Voyager, na ndani ya kila kimoja wakatia santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia. Dansi ya mwisho ya Ibada ya Majira ya Machipuko imo. Umo pia wimbo wa unyago wa wasichana wa Mbuti, uliorekodiwa katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Waliochagua hawakuuweka mmoja katika fungu la muziki na mwingine katika fungu la kelele. Vyote viwili vyasafiri pamoja.

Msomaji atakaye kuanza na afuate mpango huu. Kwanza, asianze na kazi zote kwa siku moja. Achukue kipande cha nne cha Webern, ambacho huchukua dakika chache tu, akisikilize usiku kukiwa kimya, akikumbuka kwamba ni mazishi. Pili, alifanye jaribio la mapigo 32 mpaka viganja vizoee, ndipo aisikilize sehemu hiyo ya Stravinsky. Tatu, asikilize Ibada nzima, ambayo huchukua kama dakika 35, karibu sawa na mwendo wa miguu kutoka Pumwani hadi katikati ya mji. Siku hizi zote mbili zapatikana katika intaneti, na mwenye simu aweza kuzisikiliza bila kununua santuri.

Mwisho, asitoe hukumu siku ile ile. Apitishe juma moja, kisha arudie. Huenda bado asiupende, na si lazima aupende; wako wapigaji wakubwa wasiopenda kila kazi ya watunzi hawa. Lakini akisema kwamba ni mbaya, atakuwa amesema juu ya muziki alioufuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Na jirani yake wa ukuta wa pili, apigaye ngoma ya kwao siku ya arusi, astahili kusikilizwa kwa kipimo hicho hicho.